Mlango Uko Wazi, Lakini Uombe Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu amepiga simu asubuhi, nikiwa dukani nachonga ufunguo wa kabati la mteja. Mjukuu hajambo. Anakunja ngumi akilala. Tiketi yangu ya Alhamisi ya wiki ijayo imeshakatwa, siku chache tu ughaibuni kwake, kwenda na kurudi. Na viza haihitajiki! Nikashangilia mpaka mteja akashtuka.

Halafu binti akaongeza, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba kuna kibali cha kuomba mtandaoni kabla ya safari. Bila hicho sipandi ndege.

Nikaweka tupa chini. Mimi ni fundi kufuli tangu ujana wangu. Mlango ama umefungwa ama uko wazi. Hawa wanasema uko wazi, lakini upige hodi kwanza, ujieleze, ungoje. Huo ni mlango gani? Nikamuuliza binti, kama viza haitakiwi, kibali cha nini? Akasema, "Baba, ni fomu tu." Fomu tu! Kila aliyewahi kulizwa mjini aliambiwa ni fomu tu.

Mbaya zaidi, shemeji ameshapata chake. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anauza bima, na mtaa mzima unamwita Bwana Tayari kwa sababu hakuna jambo utakalomtajia ambalo hajalimaliza. Binti amemwalika naye, maana alimbeba sana mgongoni alipokuwa mdogo. Tunapanda ndege moja. Na ameshaanza kujiita babu. Babu ni mimi! Anasema kibali aliomba akiwa kwenye kiti cha kinyozi, na kikaingia kabla hajamaliza kunyolewa. Hapo kuna namna. Kwa nini yeye wampe upesi hivyo? Anajuana na nani kule?

Mke wangu pia alipata chake mwezi uliopita, alipokwenda kumpokea mtoto. Amejitolea kunijazia. Nimekataa. Mtu wa kazi yangu hatoi siri zake mbele ya watu.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka mapema. Nikajifungia chumbani, nikashusha pazia, nikafungua tovuti ya uhamiaji wao. Kijivu tupu. Haina hata picha ya ua. Maswali yakaanza kumiminika kana kwamba nimekamatwa na mali ya mtu. Mama anaitwa nani. Nitalala wapi. Nimewahi kufungwa? Nafanya kazi gani?

Kwenye kazi nikasita. Nikiandika kwamba riziki yangu ni kufungua milango ya watu, nani atanikaribisha? Nikaandika: mshauri wa milango. Jina la mama nimelipunguza herufi mbili. Mama akipigiwa simu na mgeni humsimulia kila kitu, hadi magonjwa yangu ya utotoni.

Wanataka na picha. Uso mzima, bila miwani, bila kofia, ukuta mweupe nyuma. Ya nini yote hiyo? Nimewapa ile niliyopiga enzi za uchumba. Nywele tele, shingo nyembamba. Wakitaka kunifuatilia, wamfuatilie yule.

Mke wangu amegonga mlango akauliza nacheka nini humo ndani. Nimemwambia ni mambo ya kikazi.

Jumatano, 5 Machi

Ushindi!

Tovuti imesema imenitumia namba ya uthibitisho kwenye simu. Namba imeingia kweli, na chini yake imeandikwa: Usimpe mtu yeyote namba hii. Vizuri. Ushauri wa maana. Nikarudi kwenye tovuti, na tovuti inataka nini? Namba ile ile! Mkono mmoja unanionya, mwingine unaniomba. Mtego wa kitoto kabisa.

Nikakaa kimya. Wakatuma namba nyingine. Kimya. Wakatuma tena. Sikutoa hata tarakimu moja. Mwishowe skrini ikaandika kwamba muda umekwisha na maombi yangu yamefutwa. Wamekimbia!

Nimewasimulia wateja wawili. Mmoja amenisifu sana. Mwingine amechukua ufunguo wake akaondoka bila hata kuujaribu. Huyo wa pili simwelewi. Huenda ni mtu wao.

Kibali bado sina. Lakini heshima ninayo.

Ijumaa, 7 Machi

Nimepata watu wa maana. Nilipotafuta mtandaoni walikuwa juu kabisa, wa kwanza kwenye orodha, mimi sijui kwa nini niliwaruka mara ya kwanza. Tovuti yao ni ya buluu na dhahabu. Ina familia inayotabasamu na masanduku. Wanaharakisha vibali, wanasema, kwa wasafiri wa hadhi. Hawataki kujua habari za mama. Hawaulizi kama nimewahi kufungwa. Ni pasipoti tu, na picha ya kadi ya benki, mbele na nyuma. Basi!

Bwana mmoja akanipigia mwenyewe. Sauti nzito, tulivu, kama ya msomaji wa habari. Akaniita mheshimiwa. Miaka yote hii sijawahi kuitwa mheshimiwa na ofisi yoyote. Hata ya maji.

Cheti kimeingia kabla chai haijapoa. Muhuri wa dhahabu! Utepe! Tai wawili wametanua mabawa! Nimekichapisha kwa rangi, nikakipeleka ofisini kwa shemeji. Nikamwomba nione chake. Barua pepe ya mistari michache, nyeusi kwenye nyeupe, hata ndege mmoja hana. Nikampa pole.

Akakitazama changu. Kisha akaniambia taratibu kwamba labda nimwonyeshe binti kwanza. Wivu. Wivu mtupu, na anajifanya kunihurumia.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanamke amenipigia asubuhi, eti anatoka benki. Ananiuliza kama ni mimi ninayenunua kiti cha kukanda mgongo katika mji ambao sijawahi kuusikia. Nikamwambia, "Dada, hapa umegonga mwamba. Katafute mwingine wa kumwibia." Nikakata. Akapiga tena. Nikamwambia nimekaa na polisi. Akasema vizuri sana, naomba niongee naye. Nikakata. Ana mbinu, huyo.

Mara ya tatu simu ikachukuliwa na mke wangu. Akasikiliza. Akasema ndiyo, ndiyo, ifungeni. Kumbe ni benki kweli. Kiti kimeshalipiwa. Mgongo wa nani unakandwa sasa hivi, Mungu ndiye ajuaye.

Akaomba kuona cheti. Akakiweka karibu na dirisha. Mke wangu ni mwalimu, husahihisha hata karatasi za kufungia vitumbua. Jina la nchi ninayokwenda limekosewa herufi. Na mmoja wa wale tai, ukimtazama vizuri, ni kuku.

Hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha.

Binti alipoambiwa aliomba atumiwe picha ya cheti. Kisha akasema, "Baba, hicho ni cha bandia. Ukienda nacho uwanjani hupandi." Akasema ameshaniwekea kiti karibu na kitanda cha mtoto, kile cha mikono, kwa sababu anajua goti langu. Nilikwenda dukani nikakaa gizani kati ya makufuli, mlango nimeufunga kwa ndani. Sikuchonga hata ufunguo mmoja.

Jumapili, 9 Machi

Mke wangu amekaa ubavuni mwangu na tumeanza upya, kwenye ile tovuti ya kijivu. Kila kitu kweli tupu. Fundi kufuli. Jina la mama, herufi zote. Picha ya leo, na upara wake. Namba ya uthibitisho nimeitoa nikiwa nimefumba macho.

Tulikuwa tumebakiza ukurasa mmoja mlango ukagongwa, akaenda kufungua. Nikabaki peke yangu na kisanduku cha mwisho. Kinauliza kama kuna taarifa nyingine ningependa izingatiwe.

Sasa hilo ni swali la kistaarabu. Nikamfikiria Bwana Tayari. Nikamwona anashuka ndege mbele yangu na kibegi chake kidogo, mimi bado nasubiri sanduku. Nikamwona amekalia kiti changu cha mikono, mjukuu wangu mapajani, anamfundisha kusema babu.

Vidole vikaandika vyenyewe: "Ninasafiri na mtu ninayemtilia shaka. Alipata kibali upesi kupita kiasi. Mchunguzeni. Mkimchelewesha siku moja tu, inatosha."

Nikatuma. Mke wangu akarudi, akauliza kama nimemaliza. Nikamwambia nimemaliza, nikamtengenezea chai. Akanitazama kwa jicho la pembeni. Huyu mwanamke ana tabia ya kunishuku bila sababu.

Jumatatu, 10 Machi

Jibu limekuja. Maombi yanachunguzwa. YANGU!

Wanauliza: kama namshuku mtu huyo, kwa nini nasafiri naye? Ana uhusiano gani nami? Wakaongeza kwamba hawataendelea mpaka mwenzangu wa safari athibitishe kwa maandishi yake mwenyewe kwamba ananifahamu. Na ndege ni Alhamisi.

Nimejaribu kufikiria namna ya kumpata shemeji aandike bila kusoma. Nimefikiria kumwambia ni kadi ya pongezi kwa mtoto. Nimefikiria kumfungia miwani yake kwenye kabati. Nimefikiria kuandika mwenyewe na kutia jina lake, lakini hawa watu tayari wananichunguza.

Binti ametuma picha. Mtoto amelala, ngumi juu ya kichwa.

Sina ujanja. Kesho nakwenda.

Jumanne, 11 Machi

Nilimkuta shemeji na mteja. Nikangoja kwenye benchi na simu yangu mapajani kama mgonjwa na cheti chake. Alipomaliza nikaanza kwa mbali. Hali ya hewa. Afya ya mkewe. Kisha nikamwambia maafisa wanahitaji neno lake dogo tu, nikamwonyesha barua, juu nimeifunika kwa kidole gumba.

Akachukua simu. Kidole changu kikabaki hewani. Akasoma yote, na maneno yangu ya Jumapili yalikuwa yamenakiliwa humo neno kwa neno.

Niliangalia sakafu. Ina vigae vizuri.

"Siku moja tu, shemeji?" akasema. "Si ungewaomba hata wiki!" Akacheka mpaka akavua miwani akajifuta macho. Kisha akaandika palepale, nikiwa namwona: "Namfahamu huyu bwana tangu alipomwoa dada yangu. Hana baya lolote. Ana wasiwasi tu, na anampenda sana mjukuu wake." Akatuma.

Mchana kibali kikaingia. Mistari michache, nyeusi kwenye nyeupe. Nimekisoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mapenzi niliyowahi kupata. Nimempigia shemeji kumshukuru, na nilimshukuru kwa moyo mmoja. Lakini mtu kutukanwa kwa maandishi asikasirike? Nimelala chali nalifikiria hilo. Ana mpango gani?

Alhamisi, 13 Machi

Tumefika! Niliandaa majibu ya maswali yote, njia nzima nayarudia. Afisa akatazama skrini, akagonga muhuri, akasema karibu. Nikasubiri. Akasema karibu tena, kuna watu nyuma yako.

Mlangoni kwa binti shemeji akainama ghafla, akasema anafunga kamba za kiatu, nitangulie. Nikatangulia. Nilikuwa nimeshavuka kizingiti nilipokumbuka kwamba viatu vyake havina kamba.

Binti akanikalisha kwenye kiti cha mikono, akaniwekea mtoto. Ni mzito kuliko kwenye picha. Akafungua jicho moja, akanitazama kwa muda mrefu kama afisa, kisha akashika kidole changu na hakukiachia. Nililia. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Shemeji akatupiga picha. Hakuomba kumshika mtoto. Baadaye nilimpa mwenyewe. Kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Kuna jirani hapa, mama mmoja mtu mzima wa mlango unaotazamana na wetu. Ameleta chakula tena, mara ya pili, moto kabisa. Anatabasamu. Anauliza tutakaa mpaka lini. Nani anayempa mgeni chakula bure? Nimemwambia tunakaa mwaka mzima, nimvuruge hesabu. Chakula nimeonja kijiko kimoja kwa usalama wa familia. Kisha vingine, kuhakikisha.

Kwa bahati si watu wote wako vile. Leo mchana nilishuka kununua nepi, nikakutana na bwana mmoja pale chini langoni. Koti la buluu limenyooka, beji kifuani, viatu vinang'aa. Anatembeza wageni mji mzima kwa basi bila malipo. Bila malipo! Wanaondoka kesho asubuhi, wanarudi kabla ya ndege yetu ya jioni. Anachohitaji ni kushika pasipoti tu, ili wageni wasipotee.

Nikaona sasa ndiyo nafasi ya kumlipa shemeji wema wake. Nikapanda juu. Alikuwa amesinzia kwenye kiti, mjukuu kifuani pake, wote wawili wanakoroma. Koti lake lilikuwa nyuma ya mlango. Nikaitoa pasipoti polepole, kwa mkono wa kazi, hata zipu haikulia.

Yule bwana alizipokea zote mbili, yangu na ya shemeji, kwa adabu sana. Nilipotaja risiti akacheka, akasema kati ya waungwana haina haja. Kweli. Hakuniuliza hata jina.

Shemeji hajui bado. Nataka iwe zawadi ya kushtukiza.