Vikonyo vya Saumu kwa Mama Mkwe

Jumatano, 5 Juni

Nimepata! Baada ya miaka yote hii nimepata njia ya kuingia moyoni mwa mama mkwe, nayo inapitia tumboni.

Hali ilivyo ni hii, niiandike nisije nikasingiziwa. Mwanyumba wangu, yaani yule jamaa aliyemwoa dada wa mke wangu, mama mkwe humwita "mwanangu". Mwanangu kaa hapa. Mwanangu mbona umekonda. Mimi ananiita "huyu bwana". Tena hasemi nami moja kwa moja. Jumapili iliyopita tulikaa kochi moja, mto mmoja tu kati yetu, akamwambia mke wangu amwambie huyu bwana apunguze redio. Nikapunguza. Mke wangu akaniambia nipunguze. Nikamwambia nimeshapunguza. Akamgeukia mama yake, akamwambia ameshapunguza.

Jumapili hii mama mkwe anatimiza miaka sabini na chakula kinaliwa kwetu. Nimetangaza kwamba nitapika mimi. Kabla ya jua kutua, nitaitwa mwanangu. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Acheke tu.

Alhamisi, 6 Juni

Soko la wakulima, asubuhi kabla ya kazi. Kwenye meza ya mama wa mboga nikaona kitu sijawahi kukiona: vikonyo vya kitunguu saumu! Ni vijiti vya kijani vinavyochomoza katikati ya mmea wa saumu na kujisokota, kila kimoja na kichwa cha ua ambalo halijafunguka. Mama wa mboga akasema wakulima huvikata ili saumu yenyewe inenepe chini. Wengi huvitupa, hawajui utamu wake. Akaanza kunieleza namna ya kuvisafisha.

Hapo nikamwona mwanyumba! Na kikapu chake! Anakuja upande wetu huku anapiga mluzi. Nikajua nikizubaa nimeibiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikamwambia yule mama anipe vyote. Akauliza vyote vipi. Vyote! Kreti nzima ya mezani, na nyingine iliyokuwa chini ya meza. Alikuwa bado anaeleza jambo fulani kuhusu kichwa na mkia, mimi nimeshageuka.

Mwanyumba alinunua karoti. Maskini ya Mungu.

Nyumbani siwezi kuvipeleka, siri itavuja. Nimevificha stoo, kazini.

Ijumaa, 7 Juni

Kazini kwangu ni duka la rangi. Rangi ina harufu kali, nikajidanganya kwamba itaifunika saumu. Wapi! Kufika saa nne, fundi mmoja alinusa ndoo moja, akanusa ya pili, akauliza kama siku hizi tunauza rangi ya kuliwa na ugali. Bosi akaamini ni mimi na chakula changu cha jana. Nikaomba radhi kwa niaba ya tumbo langu.

Mchana Bosi alipotoka, nikafanya jaribio. Sosi! Vikonyo vilivyokatwakatwa, mafuta, karanga, ndimu, chumvi. Blenda sina. Lakini tunayo mashine ya kutikisa rangi, inayotikisa kopo mpaka sakafu inacheza. Nikachukua kopo jipya, nikalisuuza, nikalijaza, nikalibana, nikawasha.

Kosa langu lilikuwa mfuniko. Mfuniko wa rangi hugongwa kwa nyundo mpaka ukae. Najua. Hiyo ndiyo kazi yangu. Ila kwa kuwa ndani mlikuwa na chakula, niliona nyundo ni utovu wa adabu, nikaubonyeza kwa kiganja. Ukaruka. Sosi ikafuata. Ukutani, darini, kwenye ubao wa sampuli, masikioni mwangu.

Ndipo Bosi akaingia, na mteja nyuma yake! Bibi mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Nikasema leo ndiyo leo, kazi sina. Yule bibi akausogelea ukuta, akainamisha kichwa huku, akainamisha kule, akasema hiyo ndiyo rangi ya kijani anayoitafuta tangu mwaka jana. Inaitwaje? Nikasikia mdomo wangu unajibu: Bustani ya Mama Mkwe. Akaagiza ya nyumba nzima! Bosi akanipa mkono mbele yake. Bibi alipoondoka, akanipa ndoo na dekio.

Jumamosi, 8 Juni

Nimeshinda nikichanganya rangi ya yule bibi. Jioni nikavileta vikonyo nyumbani. Mke wangu alinisikia harufu kabla sijagonga mlango, basi siri ikafia hapo. Alipoona zile kreti akauliza kama mama yake anatimiza miaka sabini au anaolewa upya. Kisha akauliza vinapikwaje. Nikajibu kwa kujiamini: kama mboga yoyote, vizima vizima, ili mgeni auone ule msokoto. Akasema haya. Hiyo "haya" yake naifahamu, lakini sikuijali.

Mwanyumba kapiga simu kuuliza alete nini. Nikamwambia alete tumbo tupu. Ha!

Jumapili, 9 Juni

Furaha imenijaa! Lakini nianze mwanzo.

Kuku na vikonyo vizima. Viazi na vikonyo vizima. Saladi ya vikonyo vizima. Meza ilipendeza, jamani! Mama mkwe akakaa kichwani mwa meza, mwanyumba kulia kwake, mimi nimesimama na upawa. Wakaanza kutafuna.

Wakatafuna.

Wakazidi kutafuna. Kumbe upande wa chini wa kikonyo ni kamba tupu! Na kile kichwa cha ua nacho ni nyuzi. Shemeji, mke wa mwanyumba, alivuta kimoja kutoka mdomoni, kikaja, kikaja, hakiishi. Watoto wakashindana nani ana kirefu zaidi. Mwanyumba, mnafiki yule, akasema kitamu sana, huku machozi yanamtiririka. Mama mkwe alikihamisha chake kutoka shavu hili hadi lile. Mashavu tu ndiyo yaliyofanya kazi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Akakitoa kikonyo, akakilaza pembeni mwa sahani, akanitazama. Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kwenye saladi. Akainuka, akasema hajafika miaka sabini ili afungwe kamba, akaingia jikoni. Nikamfuata kichwa chini.

Akashika kikonyo, akakipinda. Kinapovunjika chenyewe ndipo ulaini unapoanzia. Cha chini tupa, kichwa tupa. Tukavunja mlima mzima, mimi na yeye. Akakatakata, akapasha mafuta, akamwaga, akavunja mayai juu. Harufu! Alikuwa anageuza, hata hakuniangalia, akasema, "Mwanangu, nipe chumvi."

Niligeuka kuona kama mwanyumba kasimama nyuma yangu. Hayupo! Yuko sebuleni anachokonoa meno. Ni mimi! Nikampa chumvi. Nikampa na pilipili, na sukari, na majani ya chai, na kila kilichokuwa kwenye rafu. Akauliza nalia nini. Nikasema saumu.

Tulikula wote palepale jikoni, tumesimama, kwa mikono, tukigombania kilichoshika chini ya kikaango. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeamka mwanangu. Nimepiga mswaki mwanangu. Nimepanda ngazi za dukani mwanangu.

Mwanyumba kapita. Nikamdokezea, kwa unyenyekevu, nilivyoitwa jana. Akanipongeza kwa dhati, kisha akaharibu. Eti mama humwita hivyo kila anayeingia naye jikoni. Yeye alianza kuitwa siku alipomwoshea sufuria, kabla hata ya harusi. Eti mama hataki makuu, anataka mtu wa kupiga naye soga huku sufuria inachemka. Jioni mke wangu naye akadakia: si ndiyo maana kila Jumapili huniambia nenda jikoni ukamsaidie mama? Kumbe! Mimi nilidhani ananifukuza ili asikilize redio.

Wivu tu. Wote wawili. Ushindi ni wa vikonyo.

Ila mwanyumba aliteleza ulimi. Siku hizi yeye haitwi tena mwanangu tu. Anaitwa "mwanangu kipenzi". Kipenzi! Kumbe kuna ngazi ya juu, nami sikuambiwa!

Jumanne, 11 Juni

Mama mkwe kapiga simu, kwangu mwenyewe! Jumapili tunakula kwake. Akaniomba nije mapema, peke yangu, nimmenyee viazi tuongee.

Nikamshukuru sana, nikamwambia haitawezekana. Asubuhi hiyo nitakuwa sokoni, maana nimeshaagiza maboga yote ya mama wa mboga. Viazi nimemwachia mwanyumba.