Shokapu za Malkia

Jumatano, 24 Aprili
Nimeshinda! Kamati ya tamasha la shira imekubali gari langu limbebe Malkia wa Mepo kwenye gwaride la Jumamosi. Malkia mwaka huu ni mama mkwe wangu, Mama Yvette, aliyechemsha utomvu wa miti ya mepo kuwa shira maisha yake yote. Jirani yangu Armand Pelkey aliitaka sana kazi hiyo. Pole yake!

Tatizo moja dogo. Barabara zetu za matope zimemaliza shokapu za mbele. Kila shimo, gari linalia kama sufuria zinaanguka. Mama Yvette ameshasema: likigongagonga hivyo akiwa na taji kichwani, atashuka apande la Armand. Mbele ya mji mzima! Gereji hawana nafasi hadi wiki ijayo. Basi nafunga mwenyewe. Mtu aliyejenga banda la kuku ashindwe na shokapu?

Alhamisi, 25 Aprili
Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji imekula bolti zote. Hazitoki ng'o. Nikachukua mtungi wa gesi kwenye kibanda cha shira, nikazipasha moto. Zikalegea! Akili hiyo. Kumbe Lorraine, mke wangu, alikuwa akimalizia shira ya mwisho wa msimu kwa gesi hiyohiyo. Hanisemeshi.

Armand akaja kuegemea ua. Akauliza kama nimezitia bolti za chini alama ya chaki, zirudi palepale zilipokuwa, la sivyo tairi zitaangalia kando. Nikamwambia hapa si darasa la kwanza. Akacheka: "Haya, fundi. Mimi ngoja nikaoshe langu tu, huwezi jua." Kijicho hicho!

Ijumaa, 26 Aprili
Zimekaa! Nimepita mashimo yote ya mtaa. Kimya! Nilitamani kulia kwa furaha.

Jambo dogo: ili gari liende moja kwa moja, lazima usukani uukate kushoto. Lorraine, ambaye sasa anaongea, akasema nilipeleke gereji likapimwe mwelekeo wa tairi. Nikamweleza kwamba gwaride ni mwendo wa pole. Nani ataona?

Jumamosi, 27 Aprili
Mji mzima umeona.

Nilikuwa naenda vizuri, usukani nimeukaza kushoto. Mama Yvette nyuma, taji kichwani, watoto wakimshangilia. Mchungaji akanipungia mkono. Nami nikampungia, kwa mikono yote miwili. Gari likakata kulia, likaingia uwanjani kwa Armand, taratibu, kwa heshima zote, likasimama mbele ya meza yake ya chapati za shira. Halikugonga popote. Kimya kabisa!

Mama Yvette akashuka. "We Roland, ahsante mwanangu. Umenipunguzia kutembea." Akapanda gari la Armand, lililokuwa limeegeshwa palepale. Lilishaoshwa, tena lina maua! Lorraine naye akapanda. Iliniuma. Iliniuma sana.

Jumapili, 28 Aprili
Nimelala, nimefikiri, nimegundua. Si bolti. Ni shokapu za nyuma! Zimezeeka, zinazionea wivu mpya.

Armand amempa Lorraine kipande cha chaki aniletee. Ametuma na salamu. Nimekipokea kwa moyo mkunjufu, nikakitumia palepale kuandika mlangoni mwa banda: FUNDI ROLAND, SHOKAPU ZA AINA ZOTE.

Mteja wa kwanza ni Lorraine. Bado hajui. Gari lake liko juu ya jeki, na bolti nimeshazitoa zote.