Dokumentari Isiyo na DJ

Levis aliingia kwenye kibanda cha chai cha Tabby akiwa ameinua gazeti juu ya kichwa, na kabla hajapata pa kuketi alikuwa ameshatangaza.

"Wazee, mambo imeiva. *Ngumi ya Mwisho* inatoka tena. Ya tisa!"

"Ya tisa?" Mathenge akaweka kikombe chini. "Hiyo ngumi ya mwisho huwa ya mwisho namna gani? Hata mwanasiasa akisema hii ndiyo mara yake ya mwisho kusimama, hafikishi tisa."

"Hansard, hiyo ni muvi, si bunge."

Ilikuwa Jumamosi saa nne asubuhi, mtaa wa Free Area, Nakuru, ile saa ambayo wenye kazi huwa kazini na wenye maoni huwa kwa Tabby. Mathenge, karani mstaafu wa mahakama, aliitwa Hansard, kama kumbukumbu za bunge, kwa sababu alikumbuka kila neno ulilowahi kusema, hasa lile unalotamani lisahaulike. Levis alikuwa na duka la filamu ng'ambo ya barabara. Unampelekea flashi, anakujazia, ndiyo maana akaitwa Flashi. Kiptum, aliyeleta maziwa kutoka Bahati kwa pikipiki, aliitwa Lita. Na karibu na jiko, kwenye kiti cha pekee chenye mgongo, aliketi Joash fundi wa mageti, ambaye mtaa mzima ulimwita Champ.

Kiti hicho hakikaliwi na mwingine. Kwa zaidi ya miaka ishirini Joash alikuwa amewasimulia jinsi alivyomlaza Kipchirchir wa Keringet kwa nokauti, raundi ya tatu, mwaka wa tisini na moja, ukumbi mzima ukiwa umesimama. Kwa hadithi hiyo alipata kiti, jina, na mandazi ya kwanza kutoka kwenye karai. Hata Emmy mkewe alimkubali kwa sababu ya raundi ya tatu.

"Lakini hiyo si habari kubwa," Levis akaendelea, akatoa flashi mfukoni. "Habari kubwa ni hii. Ile dokumentari ya mabondia wa zamani wa Nakuru imetoka, na Champ yuko ndani! Tabby, washa TV."

Joash akapaliwa na chai.

Alijua kilichokuwa ndani. Wiki iliyopita yule msichana wa kamera, Natalie, alimpigia simu akiwa na furaha tele. "Mzee, si tumepata kanda! Kuna padri alirekodi fight yako yote!" Yote. Pambano lote la Joash na Kipchirchir lilichukua sekunde hamsini, na kumi kati ya hizo ni za refa akihesabu. Aliyekuwa akihesabiwa ni Joash. Na mwaka jana alikuwa amekaa mbele ya kamera ya Natalie saa mbili nzima akieleza raundi ya tatu hadi jasho likamtoka.

"Ngoja kwanza," alisema alipopata pumzi. "Hiyo dokumentari haiendi mahali. Hebu mniambie, hii ya tisa itakuwaje na Baba Shiro si alistaafu?"

Joash aliwajua watu wake. Ukitaka wasahau nyumba inaungua, waulize swali la sinema.

Baba Shiro ni jina ambalo DJ Nyundo alimpa yule bondia Mmarekani, shujaa wa filamu hizo. Hapo kibandani hakuna aliyekuwa akitazama *Ngumi ya Mwisho* bila DJ Nyundo, yule jamaa anayezima sauti za Wazungu na kukusimulia filamu nzima kwa Kiswahili, pamoja na mambo ambayo Wazungu wenyewe hawakuyafikiria.

"Alistaafu ya tatu," Levis akahesabu kwa vidole. "Akastaafu tena ya tano. Ya sita akapofuka, akapigana kwa kunusa. Ya saba..."

"Ya saba ndiyo aliuza ng'ombe ya mamake," Mathenge akasema.

"Zii! Hiyo ni ya nne. Ya nne mamake anatoka Molo na gunia ya viazi, anamwambia, 'Baba Shiro, shamba inauzwa, piga huyo mtu.'"

"Kweli, ni ya nne." Mathenge akatikisa kichwa. "Babangu akizikwa sikulia. Lakini hiyo gunia ya viazi ilinimaliza."

Kiptum akakohoa kidogo. "Mimi niliangalia hiyo ya nne kwa dadangu Jepkemei, Nairobi. Haikuwa na DJ."

Tabby akageuka, mwiko mkononi. "Haikuwa na DJ? Sasa mlikuwa mnaangalia nini?"

"Wanaongea tu Kizungu. Na huyo mama hatoki Molo. Hata si mamake. Ni wakili wake."

"Wakili gani anabeba gunia ya viazi?"

"Ni mkoba, Hansard. Hakuna viazi."

"Na Baba Shiro anamjibu nini?"

"Hajibu. Huyo jamaa muvi mzima anaongea maneno kumi na moja. Nilihesabu."

Levis akapiga meza, vikombe vikaruka. "Hiyo uliona ni feki! Mimi nimeuza hiyo muvi miaka kumi na mbili, sijawahi ona kopi haina DJ. Lita, wewe uliuziwa maji!"

"Maji si anaijua vizuri," Tabby akasema. "Si hutuletea kila asubuhi?"

Kicheko kikalipuka. Kiptum akaapa kwamba maziwa yake hayajawahi kukutana na maji hata njiani. Joash alicheka kuliko wote, akauliza kama Baba Shiro ni wa mkono wa kushoto, akaungana na Mathenge, kisha akamgeuka, mradi mazungumzo yasikatike. Huku moyoni alikuwa akiomba stima zipotee. Katika mtaa ambao stima hupotea hata mtu akipiga chafya, asubuhi hiyo taa ya kibanda iliwaka bila kupepesa.

Lakini Hansard hakuitwa Hansard bure.

"Levis," alisema ghafla, "ulipoingia ulisema Champ yuko ndani ya dokumentari. Hiyo hoja haijajibiwa."

Levis akachomeka flashi.

Dokumentari ilianza na wingu. Likapita polepole. Kisha ukumbi mkuukuu, vioo vimevunjika, na fidla ikilia.

"Kwani nani amekufa?" Tabby akauliza.

"Hakuna. Dokumentari lazima ianze na huzuni ndio wafadhili watoe pesa ya kuitengeneza," Kiptum akaeleza.

"Na kwa nini kila mzee amekaa kwa dirisha, anaangalia nje?" Tabby akauliza tena. "Champ, hata wewe! Ulikuwa unaangalia nini?"

"Niliambiwa niangalie nje nikifikiria," Joash akasema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unafikiria nini?"

"Chakula. Walikuwa wamechelewesha lunch."

Sasa Joash wa kwenye TV akaanza kusimulia: raundi ya tatu, moja ya mbavu, moja ya kidevu, Kipchirchir chali. Kibanda kikashangilia. Picha ikahamia Keringet, mzee mrefu amesimama katikati ya kabichi zake. Ni Kipchirchir mwenyewe.

"Joash?" akasema, akatabasamu. "Yule kijana mwembamba? Alikuwa na adabu sana. Alianguka vizuri, hakuumiza mtu."

Halafu ikaja kanda ya padri. Kijana mwenye kaptura iliyomzidi anaingia ulingoni akirukaruka. Kengele. Anarusha ngumi mbili hewani, ya tatu anarushiwa yeye. Anakwenda chini. Refa anahesabu hadi kumi, na mtu mmoja anakuja kumfunika kwa taulo.

Mandazi yaliungua kwenye karai na Tabby hakuyaona. Joash alitazama sakafu. Aibu ilimpanda kutoka miguuni, akatamani achukue mashine yake ya kuchomelea akajifungie ndani ya geti lolote lile.

"Wamekata," Levis akasema.

Joash akainua uso.

"Wamekata! Champ anasema raundi tatu, hapa iko moja. Zingine mbili zimeenda wapi?"

"Swali la maana sana," Mathenge akasema, akivaa miwani. "Shahidi ametaja tatu, kielelezo kina moja. Mahakama yangu ingetupa hii kitu nje."

"Lakini refa amehesabu kumi," Kiptum akajaribu.

"Lita, Kenya hii, kuhesabu si shida," Mathenge akamkata. "Shida ni nani anahesabu. Rudisha nione."

Levis akarudisha. Joash akaanguka tena.

"Mmeona? Refa ameruka sita! Ametoka tano akaenda saba!"

"Rudisha."

"Na pia, bondia yeyote wa maana huanguka kwanza," Levis akasema. "Baba Shiro ameanguka mara ngapi? Kungekuwa na DJ hapa angetuambia Champ anaenda chini kusoma mchezo."

"Kusoma mchezo akiwa amefunikwa taulo?" Kiptum akauliza.

"Wewe ulisema viazi ni mkoba. Hakuna mtu anakusikiza leo. Rudisha!"

Ili kumtetea, walimwangusha mara sita. Kila mara Joash aliona kidevu chake mwenyewe kikipokea ile ngumi, na kila mara kibanda kilipata ushahidi mpya kwamba alikuwa akishinda. Mara ya kwanza walikuwa wanabahatisha. Kufikia ya sita walikuwa na hakika, na Tabby alikuwa ametishia kumpigia Natalie simu amuulize alilipwa na nani.

Joash hakuweza tena. Alisimama, akazima sauti ya TV.

"Wazee," alisema. "Hakuna kitu imekatwa. Huyo ni mimi. Nilianguka raundi ya kwanza, sikuamka hadi nikabebwa. Hiyo raundi ya tatu nilitunga nikitafuta Emmy. Nimewadanganya miaka hii yote, na nimechoka. Mnisamehe."

Mathenge alivua miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha.

"Joash, hapo chini ulipo, ulikuwa umezimia?"

"Nilikuwa nimezimia."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mzee. Sikuona, sikusikia."

"Basi keti." Mathenge akamwonyesha kiti. "Sisi tuko macho, tunaangalia. Mtu alikuwa amezimia atatuambia nini kuhusu raundi ya tatu? Levis, rudisha."

Na Levis akarudisha, na Joash akaanguka mara ya saba.