Kitundu Chini ya Distribyuta

Jumatatu, 3 Machi

Mama ametamka. Pikipiki ya marehemu baba, iliyolala stoo miaka miwili chini ya godoro bovu, ni ya yule atakayeiwasha na kumfikisha mama kwa shangazi Jumapili bila kudondosha oili barazani. Mimi au dada. Kasema huku anakunja nguo, kama anayegawa soksi.

Nikasema mashindano ya nini, mtoto wa kiume ni mimi. Mama akauliza pikipiki imeandikwa wapi kwamba inataka mtoto wa kiume.  

Dada hutengeneza cherehani. Cherehani! Mashine inayokimbia kutwa nzima na haifiki popote. Nimeomba zamu ya kwanza, hadi Alhamisi. Kakubali upesi mno. Imenikera.

Jumanne, 4 Machi

Ugonjwa nimeujua. Ni distribyuta, kile kikopo ubavuni mwa injini kuukuu kama hii, kinachogawa moto kwa plagi zake mbili. Oili ya injini inapanda humo, platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana ili cheche itoke, zinalowa, cheche hakuna. Basi!

Dada akapita, akasema niweke alama kabla ya kuichomoa, ili irudi ilivyokaa. Nikamwambia macho ninayo. Nikaichomoa bila alama, mbele yake, aone.

Muuza spea akauliza kipimo cha sili ya kuzuia oili. Nikamwonyesha kwa vidole. Akavitazama vidole vyangu, akanipa inayokaribia.

Jumatano, 5 Machi

Sili imeingia. Ilikataa kidogo, nyundo ikaishawishi. Distribyuta nimeirudisha kwa kukadiria.

Halafu, ugunduzi! Chini ya distribyuta kuna kitundu, kidogo kama cha sindano, na oili inatokea hapo hapo! Miaka yote hiyo, baba na mafundi wake, hakuna aliyekiona. Nimekiziba kwa gundi ya chuma. Kavu!

Mama akapitisha kidole, akakitazama, akasema, "Hongera, mwanangu." Neno hilo nimeliandika hapa kwa sababu sikumbuki mara ya mwisho kulisikia.

Alhamisi, 6 Machi

Kiki arobaini. Ya ishirini na mbili ilirudisha teke, goti limevimba. Ya arobaini ikawaka! Ikakohoa, ikapiga mshindo, majirani wakatoka. Nikapanda, nikapunga mkono. Ikazimikia getini.

Nikafungua kifuniko cha distribyuta. Platini zinaogelea.

Dada hakucheka. Angecheka ningemjibu. Akasema kile kitundu ni cha kutolea oili inayovuka sili, isipande kwenye platini. Aliambiwa na baba. Nikauliza aliambiwa lini, mbona mimi sikuambiwa.

"Siku tuliyoifungua," akasema. "Na wewe ulikuwepo. Si ulikuwa umeshika tochi?"

Kweli. Utoto wangu wote nilishika tochi. Yeye akipewa spana, mimi napewa tochi. Neno pekee la ufundi ambalo baba aliwahi kuniambia ni "usitingishe."

Imenikata maini. Sikula.

Ijumaa, 7 Machi

Zamu yake. Kabla hajaamka nikachukua rota, kile kipande kinachozunguka ndani ya distribyuta, nikakitia mfukoni mwa suruali. Bila hicho atapiga kiki mpaka azeeke.

Mpango safi kabisa. Ila suruali ilikuwa na oili, na mama leo anafua.

Mchana rota ilikuwa mezani, pembeni ya sahani yangu, imefutwa ikang'aa.  Dada akaichukua, akashukuru, akaniomba nimsogezee chumvi.

Jumamosi, 8 Machi

Dada ameing'oa gundi yangu yote kwa msumari mwembamba. Ameweka sili mpya. Ile yangu, eti, nilikuwa nimeigeuza, mdomo wake ukaipa oili kisogo. Kafuta platini, kapima mwanya wa kati, kaikalisha distribyuta panapotakiwa. Saa nne nzima bila kutukana hata mara moja. Huyo ni binadamu kweli?

Stoo ina giza. Akaniomba nimshikie tochi.

Nilishika. Nikatingisha makusudi.

Ikawaka kiki ya pili.

Jumapili, 9 Machi

Wameondoka. Mama nyuma, kamshika dada kiunoni, anacheka. Tangu msiba sijamsikia akicheka hivyo, na sikuwa mimi niliyemchekesha.

Kabla hajaondoka dada alisema pikipiki ni yetu sote, nikiitaka niseme tu. Niseme! Yaani niombe! Pikipiki ya baba yangu!

Walipopotea nikapiga magoti barazani, nikatafuta tone la oili kila pembe ya sakafu. Sikuona hata moja. Nikabaki pale chini kidogo. Goti liligoma kuinuka, si jambo jingine.

Jumatatu, 10 Machi

Dada kaenda kazini kwa miguu. Mama yuko sokoni. Pikipiki ipo barazani.

Jana waliporudi nilisikia kasauti kwenye giaboksi. Kembamba mno. Wao hawajakasikia na hawatakasikia, sikio hilo ninalo mimi peke yangu. Nikikamaliza leo, kabla hawajarudi, watanyamaza wenyewe.

Nimeanza kufungua. Bolti tisa zimetoka vizuri sana. Ya kumi imekatika kichwa.

Kumi za nini? Aliyeziweka hakuwa fundi.