Sanduku la Lugha Nne

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimeokoa shule. Bado haijaokoka, lakini nimeshaahidi.

Mpwa wangu, Mwalimu, anafundisha watoto wakimbizi thelathini na wanane. Lugha nne, chumba kimoja. Ijumaa msimamizi anakuja. Akikuta watoto hawafuati somo, chumba kinageuzwa stoo ya magodoro, na darasa ndiyo basi tena. Fundi Miwani, yule wa simu, ameunda sanduku la mbao lenye vitufe. Mtoto anabonyeza rangi ya lugha yake, kisha picha, sanduku linamsomea namba, moja hadi kumi. Kinachokosekana ni sauti tu.

Mwalimu akauliza nani atazipata. Nikasema mtu mwenyewe kasimama hapa, naongea lugha saba! Fundi akaguna, akataka nizitaje. Nikamwambia mtu mzima hahesabu lugha zake mbele za watu.

Nikitoka, Mwalimu akanishika mkono. Mjomba, tafadhali, hili usinichezee. Nikamuuliza ni lini nimewahi kumwangusha. Akaanza kutaja. Nikauwahi mlango.

Jumanne, 4 Machi
Nimerekodi zote nne mwenyewe, blanketi kichwani kuzuia kelele. Nyekundu nimeitoa puani, bluu kooni. Kijani na njano sijui zilitokea wapi, zilikuja zenyewe.

Fundi kasikiliza, kasema hiyo ni lugha moja yenye mafua ya aina nne. Kafuta zote! Wivu huo. Akanikumbusha kwamba zimebaki siku mbili.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwenda chumba cha cherehani, wanakoshona wazee wa kikimbizi. Nikachagua wanne, mmoja kwa kila rangi. Wa nyekundu ni Bibi Kofia, jicho moja kwenye sindano, jingine kwangu.

Mwalimu alitaka nifuatane na mfagiaji wa shule, eti anazijua zote nne, awe mkalimani. Mtu wa lugha saba atembee na mkalimani? Nikatumia mikono. Nikaonyesha picha ya watoto, nikaonyesha mdomo, nikanyoosha vidole kumi. Wakaelewa papo hapo! Bibi akasema, akanyamaza, nikahamia kitufe cha pili. Akasema, akanyamaza, cha tatu. Vituo kumi, namba kumi. Wengine vivyo hivyo. Kazi safi kama ya redioni. Bibi alipocheka, nami nikacheka kitaalamu.

Fundi akauliza mbona tatu ya Bibi ni ndefu kuliko moja na mbili zikiunganishwa. Nikamjibu kwamba kwao tatu ni namba nzito.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa!

Nalijaribu sanduku ukumbini, nyekundu, moja. Mfagiaji anapita. Akasimama, akavua kofia, akalijibu sanduku! Nikadhani jua limempiga. Akasema bibi huyo kamuuliza kama kaamka salama, na yeye hawezi kumpita mtu mzima bila kumjibu.

Nikabonyeza mbili. Anauliza mama hajambo. Tatu: safari ilikuwaje, mvua iliwakuta njiani, nani alikubeba. Nimebonyeza mpaka kidole kimeuma. Hakuna namba hata ya dawa! Rangi zote nne, salamu tupu. Mfagiaji akanishangaa mimi. Utaanzaje kumhesabisha mtoto wa watu hujamjulia hali? Na kule kunyamaza, akasema, Bibi alikuwa anangoja kujibiwa.

Nikakimbia chumba cha cherehani. Kufuli. Wazee wote wamekwenda kupigwa picha za vitambulisho, hawarudi mpaka kesho mchana. Msimamizi anaingia asubuhi.

Nikamkuta Mwalimu anapanga viti, uso umemnyauka. Vipi, Mjomba, tumefika? Nikasema tumefika zamani. Mdomo huu! Ulijibu bila kuniuliza.

Nimefikiria kulidondosha sanduku kwenye ndoo ya maji, ionekane bahati mbaya. Fundi amelikalia.

Ijumaa, 7 Machi
Msimamizi mrefu, faili kifuani, meno hayaonyeshi. Jasho lilinifika kwenye soksi.

Akasema mtoto atamchagua mwenyewe. Kati ya wote hao akamchagua Kimya! Ndivyo wenzake wanavyomwita. Miaka saba, miezi miwili hapa, hajatoa neno. Mwalimu akafumba macho. Nikaanza kukohoa ili nivuruge shughuli. Fundi akanikanyaga.

Nyekundu. Moja. Sauti ya Bibi ikatoka, ikauliza, ikangoja. Mimi natazama dirisha, napima kama nitapita.

Mtoto akajibu.

Kidogo tu, kama anaongea na mkono wake. Akabonyeza mbili, akajibu. Tatu, akaongea, akaongea, mpaka msimamizi akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti kidevuni. Mfagiaji alikuwa mlangoni na ufagio wake, anatafsiri polepole. Mvua iliwakuta. Kaka ndiye aliyembeba. Mwalimu alilia. Mimi liliniingia vumbi, macho yote mawili.

Msimamizi akauliza namba ziko wapi. Nikaanza kulipangusa sanduku kwa shati. Akaandika, akafuta, akauliza tena: nani aliwaza kuanza na salamu? Mkono wangu ulikuwa juu kabla swali halijaisha.

Chumba kimebaki! Katupa mwezi mmoja, namba ziwemo, ndipo arudi kuamua. Mwalimu akanivuta pembeni. Mfagiaji kamweleza kila kitu. Kuanzia Jumatatu mfagiaji na Bibi Kofia ndio watakaorekodi. Mjomba, wewe utashika mlango. Nikamwambia mlango siku zote huwekwa mtu wa kuaminika.

Jumamosi, 8 Machi
Simu ya Fundi imelia yuko bafuni. Nimeipokea mimi. Msimamizi! Anasema shule ya jirani nayo inataka sanduku. Huko wapo watoto sita wanaotumia lugha ya ishara. Akauliza kama hiyo tunaiweza.

Nikamwambia hiyo ndiyo lugha yangu ya nane. Ijumaa ijayo aje achukue.

Mwalimu simwambii, nataka ashtuke kwa furaha. Na mkalimani sihitaji. Kilichobaki ni kumpata mtu wa lugha hiyo mwenye sauti nzuri.