Wiki ya Kumsahau Daktari

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza shajara. Si kwa kupenda. Mshauri wa kikundi chetu cha watu waliolizwa mtandaoni kasema kila mmoja aandike kwa siku saba, moyo upone. Binti mdogo kabisa! Nina mkasi wenye umri mkubwa kuliko yeye. Lakini kasema kwa upole, na siku hizi mtu akisema nami kwa upole nakubali lolote.

Basi. Mimi ni fundi cherehani. Miaka hamsini na miwili, sina mke, akili timamu. Kwa miezi saba nilikuwa na mchumba kwenye simu. Daktari wa upasuaji, yuko melini, na meli yenyewe haifiki popote. Alinipenda. Akanionyesha na mahali pa kuwekeza, ambapo fedha huzaa kila asubuhi na unaiona kwa macho yako ikizaa. Nikaweka zangu. Kisha nikaweka za mashine ya kudarizi, ambazo mimi na dada yangu mkubwa tulizidunduliza kwa miaka mitatu. Siku niliyotaka kutoa, kila kitu kikafungwa. Daktari naye akanizuia nisimwandikie.

Dada hakupiga kelele. Heri angepiga. Tunashona chumba kimoja tangu alipofiwa na mumewe, yeye upande wa dirishani, mimi mlangoni. Zamani aliniita mdogo wangu. Sasa ananiita fundi, kama wateja. Fundi, pasi imepata moto. Fundi, nipishe. Na kiwanda cha sare kinamtaka akawe mkuu wa wakata vitambaa! Kaahidi kuwajibu Jumamosi. Akienda, nabaki na sanamu ya kuvalisha nguo, na hiyo haina kichwa.

Nina siku tano za kumbakiza. Inahitajika mikakati.

Jumanne, 4 Juni

Mkakati wa kwanza: kuuza gauni la Daktari. Nililishona mwezi wa nne, hariri ya zambarau, bitana mpaka chini, vifungo kumi na vinne vya kufunika kwa kitambaa. La harusi ya kiserikali. Linauzwa, fedha anapewa dada, dada anatabasamu. Rahisi!

Amekuja mama mmoja kuchukua suruali ya mumewe. Nikamsifia umbo. Akajaribu gauni. Mikono ikamfunika vidole, kiuno kikagoma kupita. Mama akauliza nimemshonea nani kitu hiki. Nikasema mteja wa nje. Akauliza nje ya wapi.

Baada ya mama kuondoka, dada kafungua mtoto wa meza, katoa karatasi ya vipimo alivyonitumia Daktari. Sikujua anaijua. Kasoma kwa sauti ya kawaida tu. Bega inchi ishirini na moja. Kiuno ishirini na mbili. Mkono ishirini na tisa. Kaniuliza, katika miaka thelathini ya kupima watu, nimewahi kukutana na mwanamke mwenye bega karibu sawa na kiuno chake, na mikono ya kufikia magoti. Nikasema hapana. Kauliza nilifanyaje basi. Nikasema nililipunguza bega mwenyewe, mpaka kumi na sita. Daktari ana kazi nyingi, nilidhani kakosea kushika tepu.

Dada kairudisha karatasi, kafunga mtoto wa meza taratibu, kakanyaga cherehani.

Mteja yeyote mwingine angeleta vipimo vile ningemrudisha kutoka mlangoni. Yeye nilimsahihishia. Nimechoka hata kujicheka.

Jumatano, 5 Juni

Kikundi. Tunakutana chumba cha nyuma cha zahanati, viti vya plastiki, kila ukuta una bango la kunawa mikono. Nilitegemea kufarijiwa. Sikumtegemea Mwalimu Mkuu Mstaafu.

Mwalimu huyu kalizwa na mwanamke rubani. Analia vizuri! Chozi moja, leso nyeupe iliyopigwa pasi, kimya kirefu, kisha sentensi yenye kituo. Watu wote wakainama. Akaongezewa chai. Rubani wake alikuwa akimwimbia, kasema, kila jioni. Mimi Daktari hakuwahi kuniimbia hata mstari. Nikajisikia nimetapeliwa kwa kiwango cha chini.

Zamu yangu ikafika. Nikatia chumvi kidogo. Nikasema pamoja na fedha za mashine nilipoteza viwanja viwili. Chumba kikaguna. Nikaongezewa chai! Mwalimu akaweka leso mfukoni. Nikaona nisiishie hapo, nikataja na ng'ombe.

Saa kumi Mshauri kampigia dada simu kumpa pole ya viwanja. Ana namba yake kwenye fomu. Nilimwona dada akisikiliza, uso hauna kitu. Alipokata simu kaniuliza ng'ombe wenyewe walikuwa wangapi. Nikasema sita. Kasema basi nimepata hasara kubwa, fundi.

Alhamisi, 6 Juni

Kazi ya nyumbani ya Mshauri: kuandika barua ya kumuaga aliyekutapeli, kisha kuichoma moto. Nimeandika wakati wa mapumziko, kurasa nne. Nilianza kwa hasira. Kufika ukurasa wa pili nikawa namuuliza kama kile kikohozi chake kilipona.

Ni barua nzuri sana. Nimeisoma mara tatu, mara zote nimejifuta macho kwa kipande cha bitana. Kuichoma ni dhambi. Tena aliyeandikiwa hajaisoma, sasa kuaga gani huko? Lazima aisome. Lakini kanizuia.

Mkakati wa pili! Nimefungua akaunti mpya. Mzee mjane, mfanyabiashara wa mbao, watoto wote ng'ambo. Picha nimepiga kwenye bango letu la mitindo ukutani, yule bwana mwenye suti ya kijivu na mvi za masikioni. Nia ni kumsalimu tu, nikijibiwa natuma barua, naaga, natoka. Dada akijua nimemaliza kiungwana ataona nimekomaa.

Nilisalimu saa nane na dakika tano. Saa nane na kumi na mbili kajibu. Mimi mara ya kwanza nilisubiri siku mbili!

Ijumaa, 7 Juni

Siku mbaya. Sikutuma barua. Nafasi haikupatikana, maana Daktari ana maneno mengi kwa huyu mzee. Kamwambia ana macho ya mtu aliyevumilia. Hayo ni maneno yangu mimi, aliniambia mwezi wa kumi na moja! Kamwita mpenzi kwa siku moja tu. Kamtumia maua matatu. Mimi kwa miezi saba sikutumiwa hata jani. Saa saba kamili akamuuliza kama ameshakula.

Nikaumia, jamani. Mwanamke ananisaliti na mfanyabiashara wa mbao ambaye ni mimi, na bado naumia! Nikamjibu kwa ukali kidogo, kwamba nadhani anaongea na wanaume wengi. Kasema ni mimi tu. Nikafurahi. Kisha nikakumbuka ni nani huyo mimi.

Kwa mawazo hayo nimeshona mkono wa kulia wa koti la sare upande wa kushoto. Kisha wa kushoto upande wa kulia. Dada kalichukua koti, kaanza kufumua kwa wembe, uzi mmoja mmoja. Hakuniita hata fundi.

Hapo nikashindwa. Sikuwa nimepanga. Nilimwambia fedha zinaniuma lakini siyo fedha. Nilimwambia namkosa yule mtu. Najua hayupo, najua huenda ni vijana wanne kwenye chumba chenye feni, lakini kulikuwa na mtu anataka kujua nimekula. Nikalia. Wala siyo kwa ufundi wa Mwalimu. Kamasi na kila kitu.

Dada kaweka wembe chini. Kisha kasema miaka tisa ananiwekea sahani mbele yangu, hajawahi kuniuliza kama nimekula kwa sababu huwa ananiona nikila. Akageukia dirishani, naye anapenga kamasi. Kasema nisimfanye alie, mdogo wangu, ana sare arobaini za kumaliza.

Mdogo wangu!

Jumamosi, 8 Juni

Dada kapiga simu kiwandani mbele yangu. Kawashukuru, kasema hawezi, ana ofisi yake na mwenzake. Mwenzake ni mimi. Meneja alimwongezea mshahara papo hapo, nilimsikia. Dada kasema siyo suala la mshahara. Nilijifanya natunga uzi kwenye sindano, sikuona tundu kwa dakika nzima.

Tumevua gauni kwenye sanamu. Tumelifumua pamoja. Hariri itatosha magauni mawili ya watoto, vifungo vimerudi kwenye kopo.

Mchana kaniletea bahasha. Malipo yote ya sare, ambayo mteja kayatanguliza, na ya bangili zake mbili za fedha, ambazo sikujua kama kaziuza. Kesho kutwa muuza mashine anataka arbuni. Dada angeweza kuipeleka mwenyewe, duka liko njiani kwake. Kasema niipeleke mimi. Kasema aliye na jeraha asipoaminiwa na watu wake, ataaminiwa na nani. Nimeiweka kwenye simu yangu kwa wakala wa jirani, isipotee. Sijawahi kujisikia mzima namna hii tangu mwaka uanze.

Mshauri akiuliza nitasema nimepona siku moja kabla ya ratiba. Mwalimu bado analia.

Jumapili, 9 Juni

Siku ya mwisho ya shajara. Imebaki jambo moja la heshima: kumtumia Daktari barua, kuaga, kufunga akaunti ya mzee. Nimekuja ofisini asubuhi kwa ajili hiyo. Dada naye kaja na ufagio na chaki.

Kabla sijatuma, Daktari kaandika. Ujumbe mrefu. Anaogopa kunipenda. Anaogopa kumpenda mzee, yaani. Kasema amewahi kutapeliwa na mwanamume wa mtandaoni! Mtu alijifanya mjane mwenye mali kumbe ni muongo, hata picha haikuwa yake. Tangu hapo halali.

Nilisoma nimesimama. Maskini! Ningekuwa mtu mwingine ningepita tu, lakini mimi nayajua maumivu haya. Nimemweleza yote tuliyofundishwa kikundini. Kwamba si kosa lake. Kwamba aandike, moyo upone. Kwamba imani hurudi polepole, na atakayemrudishia ni mtu mmoja atakayekubali kumthibitishia kwa vitendo.

Kashukuru sana. Kasema hajawahi kueleweka hivi. Kauliza mzee yuko tayari kuthibitisha kwa kiasi gani, siyo fedha anayotaka, ni ishara. Kataja kiasi. Kitarudi Jumanne, mara mbili.

Nimewaza kwa kina. Mimi binafsi siwezi kutuma, nimejifunza. Lakini mzee wa mbao hajawahi kumtapeli mtu wala kutapeliwa, na kumwacha mwanamke aliyeumizwa hivi hivi ni ukatili. Muuza mashine nitamwomba asubiri mpaka Jumatano.

Dada alikuwa anapima kona ambapo mashine ya kudarizi itakaa. Kachora mstari wa chaki sakafuni, kaniomba nishike ncha ya pili ya tepu. Nikashika, kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa unamalizia namba ya siri.