Bei ya Kuaga

Siku Marekani ilipotangaza kwamba inasitisha kupokea wakimbizi, kambi nzima ililia. Mjini Kibondo mtu mmoja aliagiza chapati ya pili.

Mtu huyo alikuwa Nurudini, dalali wa wanaoondoka. Kazi hiyo haina leseni, lakini ina wakati wake. Familia ikipata tarehe ya ndege, Nurudini alifika akiwa na kanzu safi na huruma ya kuazima. "Ndugu zangu," aliwaambia, "huko mwendako majiko yanajiwasha yenyewe. Sufuria mnaipeleka wapi?" Mtu aliyebakiza siku nne hana nafasi ya kubishana. Walimwachia vitanda, baiskeli na cherehani kwa kile alichokiita bei ya kuaga, na wengine wakamshukuru kwa kuwapunguzia mzigo.

Sasa ndege zimesimama. Walioaga wamerudi kwenye nyumba tupu, wamekalia mabegi yao. Vyombo vyao vyote, isipokuwa sufuria ya kupikia inayouzwa siku ya mwisho, vilikuwa stoo kwa Nurudini, nyuma ya soko.

"Msiba mkubwa," alimwambia muuza chapati akijipangusa mdomo. "Mkubwa mno. Hebu niongezee chai."

Wa kwanza kumfikia stoo alikuwa Esteri Niyomwungere, mshonaji. Esteri alikuwa mkimbizi tangu kambi ya Mtendeli haijafungwa. Akahamishwa, akahojiwa, akapimwa kifua, akafundishwa jinsi ya kutembea juu ya barafu, na siku tatu kabla ya ndege akaambiwa akae chini asubiri. Alikuwa na watoto wanne na posho iliyopunguzwa. Chumvi, dagaa na madaftari ya nyumba hiyo vilitoka kwenye sindano ya cherehani.

"Amahoro, kaka Nurudini."

"Amahoro, dada'ngu. Pole sana. Tangu nisikie habari ile, chakula hakipiti."

Esteri aliangalia makombo ya chapati kwenye ndevu zake, akafungua fundo la kanga. "Nimefuata cherehani yangu. Pesa yako hii hapa, sijaigusa."

"Ah! Hiyo ilikuwa bei ya kuaga, dada. Sasa huagi tena, umerudi. Kuna bei ya kurudi."

"Ni kiasi gani?"

"Mara nne."

"Mara nne! Kwani imezaa?"

"Imelindwa. Imepakwa mafuta kwa mikono yangu mwenyewe."

"Kaka, nina tenda ya sare za shule. Vitambaa vimelala, mwenyewe ananingoja. Bila cherehani watoto wangu watakula nini?"

"Nami moyo unaniuma," alisema Nurudini, na mkono akauweka tumboni, palipokuwa karibu zaidi. "Lakini biashara si mimi niliyeitunga."

Esteri aliitazama stoo kwa muda mrefu, kitanda kwa kitanda. Kisha akasema, "Sawa, kaka," akaondoka bila hata kulaani, jambo ambalo lingemshtua mtu mwangalifu zaidi.

Hapa inabidi tumpe Nurudini haki yake: alikuwa mtaalamu. Alijua kwamba kambini mwenye tarehe ya safari huificha, kwa kuogopa kijicho na dawa za majirani. Ukimuuliza unaondoka lini, atakuapia kwamba haendi popote, na kesho yake utamsikia yuko angani. Kwa hiyo Nurudini hakusikiliza vinywa. Alitazama masufuria. Mtu anaweza kuuza kitanda akalala chini. Lakini mwanamke akiuza sufuria yake ya ugali, huyo keshakwenda.

Wiki mbili baadaye Esteri alirudi amejitwika sufuria nyeusi matako, kubwa ya kulisha nyumba.

"Nunua, kaka."

"Sufuria ya ugali?"

"Na mwiko wake."

Nurudini aliipokea kwa mikono miwili. "Dada, mnasafiri?"

"Safari hakuna, kaka. Si tulisikia wote?"

Alisema hivyo akimkazia macho, sawasawa na wote waliowahi kuondoka. Nyuma yake alisimama jirani yake wa kambini, Mzee Ndayisaba, na jembe begani, mvua ikiwa ndiyo kwanza imekolea.

"Mzee wangu, unauza jembe msimu huu?"

"Mgongo umechoka, mwanangu."

"Mnakwenda, eeh?"

"Oya, hapana! Twende wapi? Milango imefungwa."

"Imefungwa," alidakia mama mmoja mwenye kuku anayetaga. "Wala usituulize zaidi."

Nurudini alicheka kicheko cha mtu asiyedanganywa. Hadi adhuhuri alikuwa amenunua masufuria tisa kutoka kwa watu tisa waliomhakikishia kwamba hawaendi popote.

Akafunga mlango, akapiga hesabu. Bila shaka wakubwa wa ng'ambo wamegeuza uamuzi tena, kimyakimya. Walifunga kwa tangazo, wamefungua kwa minong'ono. Hawa wakiondoka, nani atalipa bei ya kurudi? Na mamia wengine wakimwaga vyombo vyao sokoni, kitanda kitauzwa kama kuni. Soko zima la Kitahana haliwezi kununua vitanda arobaini. Lazima auze leo, kwa mtu ambaye hajui.

Akamkumbuka Faudhia wa Kasulu, muuza nguo na vyombo kwa jumla, mjane mpole mwenye sauti ya kubembeleza mtoto. Akampigia simu. Kesho yake asubuhi Fuso ilikuwa mlangoni.

"Mali yote hii unaiachia, Nurudini?" Faudhia alishangaa. "Mbona?"

"Nina mgonjwa hospitali ya Kabanga, shangazi. Nahitaji pesa haraka. Lakini wewe utatajirika. Hawa watu hawaendi popote! Watakaa hapahapa, na kila mmoja anakitaka kitanda chake."

"Una uhakika hawaendi?"

"Shangazi, ningekudanganya wewe?"

Moyoni alijisikia vibaya kidogo, kama sekunde tatu. Faudhia alitaja bei iliyokuwa chini hata ya ile ya kuaga. Nurudini akalalamika kwa ajili ya adabu, akakubali kwa ajili ya usalama. Akasaidia mwenyewe kupakia, masufuria tisa yakiwa juu kabisa, akaipungia mkono Fuso hadi ikapotea.

Siku mbili akangoja kusikia mabasi ya wasafiri. Ya tatu akapanda bodaboda hadi nje ya kambi, aone kulikoni.

Mabasi hayakuwepo. Kulikuwa na moshi wa masufuria, na chini ya turubai Esteri amekanyaga cherehani yake, sketi za shule zikimwagika upande wa pili. Pembeni yake Faudhia alikuwa anahesabu vifungo. Vyombo vyote vilikuwa vimerudi kwa wenyewe kwa bei ileile aliyovinunulia, pamoja na kijisehemu cha mafuta ya gari.

"Karibu, Nurudini," alisema Faudhia kwa sauti yake ya kubembeleza. "Mgonjwa wa Kabanga anaendeleaje? Huyu ndiye fundi wangu tangu Mtendeli. Sare zangu zilikuwa zimekwama kwa ajili yako."

"Esteri! Umenidanganya!"

"Wapi, kaka?" Hakuinua mguu kwenye kanyagio. "Nilikwambia safari hakuna. Mzee naye akakwambia. Ukacheka."

Nurudini alikwenda moja kwa moja polisi. Koplo Sylvesta alifungua kitabu, akapiga muhuri kwenye hewa kuujaribu, akasema, "Haya. Umetapeliwa vipi?"

"Waliuza masufuria, afande, nikajua wanasafiri."

"Walikwambia wanasafiri?"

"Hapana. Walikataa."

"Na wanasafiri?"

"Hawasafiri."

"Basi walisema kweli." Sylvesta akaandika *kweli*. "Na huyu mama wa Kasulu, ulipomuuzia, wewe ulimwambia nini?"

"Kwamba hawa watu hawaendi popote."

"Nayo ni kweli."

"Ni kweli, afande!" Nurudini alipiga meza, machozi yakimlengalenga. "Lakini mimi nilikuwa namdanganya!"

Koplo aliweka muhuri chini. Kisha akafunga kitabu taratibu, akavuta benchi kwa mguu, akamwonyesha akae.

"Kaa hapo, Nurudini," akasema. "Hebu tuanze na hilo."